Wa Ngapi Darasani? Mwongozo wa Kuchuja Hisa kwa Alama za Mwenendo wa Bei

Mtoto akileta ripoti ya muhula, mzazi hutupa jicho mahali pawili: wastani wa alama na nafasi aliyoshika. Aliyekuwa wa 3 kati ya 60 anastahili pongezi, lakini kama wastani wake ni 38, mzazi anayejua kusoma ripoti ataona kwamba darasa zima limefanya vibaya na mwanawe amewapita wenzake walioanguka. Weka picha hiyo kichwani unaposoma mwongozo huu, kwa sababu alama zinazotumika kupanga hisa kwa nguvu ya bei hueleza nafasi tu. Wastani wa darasa utautafuta mwenyewe, na wengi wanaopoteza fedha kwa alama hizi hupotelea hapo.

Alama zenyewe zilizaliwa Marekani, kwenye masoko yenye maelfu ya kampuni. Hakuna mtu anayeweza kufungua chati elfu kadhaa kila jioni baada ya kazi, kwa hiyo wachambuzi wakatafuta namna ya kuipa kila hisa namba moja inayojumlisha mwenendo wake. William O'Neil, aliyeanzisha gazeti la Investor's Business Daily mwaka 1984, aliipa kila hisa alama kati ya 1 na 99 kwa kulinganisha bei yake ya miezi 12 na za nyingine zote, huku miezi mitatu ya mwisho ikipewa uzito zaidi. Yeye alipendelea zenye 80 kwenda juu. Kampuni ya StockCharts nayo ina alama yake iitwayo SCTR, ambayo wenyewe huitamka "skuta", inayoanzia 0 na kuishia 99.9. Hiyo ndiyo nitakayoitumia hapa, kwa sababu hesabu yake iko wazi na mtu anaweza kuifanya mwenyewe kwenye karatasi.

Hesabu ina vipande sita. Viwili vya kwanza vinatazama mbali: bei ya leo iko asilimia ngapi juu au chini ya wastani wake wa siku 200, na imebadilika kwa asilimia ngapi katika siku 125 za soko, yaani takriban miezi sita. Kila kimoja kina uzito wa asilimia 30. Viwili vinavyofuata vinatazama kati: umbali kutoka wastani wa siku 50 na mabadiliko ya siku 20, kila kimoja asilimia 15. Viwili vya mwisho vinatazama karibu kabisa, navyo ni RSI ya siku 14, kipimo cha kasi ya kupanda na kushuka kwa bei alichokitangaza J. Welles Wilder mwaka 1978, pamoja na mwelekeo wa siku tatu wa histogramu ya PPO, kipimo kinacholinganisha wastani wa bei wa muda mfupi na wa muda mrefu. Kila kimoja kina asilimia 5 tu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hisa iko dola 120 leo. Wastani wake wa siku 200 ni 100, kwa hiyo iko juu kwa asilimia 20. Zidisha kwa 0.30 upate 6. Siku 125 zilizopita ilikuwa dola 90, imepanda asilimia 33.3, zidisha kwa 0.30 upate 10. Wastani wa siku 50 ni 112, tofauti ni asilimia 7.1, na hapo unapata pointi 1 na kidogo. Siku 20 zilizopita ilikuwa 115, imepanda asilimia 4.3, unaongeza 0.65. RSI ikiwa 62, asilimia 5 yake ni 3.1. Kipande cha PPO hakiwezi kuzidi pointi 5. Tuseme kimetoa 2.75. Jumla ni kama 23.6.

Namba hiyo 23.6 bado si alama. Kompyuta huikokotoa kwa kila kampuni iliyo katika kundi moja, kampuni kubwa kwa kubwa, za kati kwa za kati, ndogo kwa ndogo, kisha huzipanga kutoka ya chini hadi ya juu. Hisa yako ikizipita asilimia 87 ya wenzake, inapewa alama 87. Kesho bei yake inaweza isisogee hata senti moja, na alama ikashuka kwa kuwa wengine wamepanda.

Ukiitazama hesabu hiyo kwa makini, mambo mawili yanajitokeza. La kwanza, asilimia 60 ya uzito iko kwenye mwenendo wa miezi mingi. Purukushani ya siku mbili tatu, ile inayowafanya watu washike simu kila dakika kumi, ina asilimia 10 tu. La pili ni kwamba hakuna mahali hesabu hii inapouliza kama kampuni inapata faida, ina deni kiasi gani, au inaongozwa na nani. Wala haiulizi kama bei yake hupanda taratibu au huruka kama chura. Hisa yenye hekaheka hufika kileleni kwa urahisi na kuporomoka kwa urahisi uleule, kwa hiyo usistaajabu ukikuta juu ya orodha pamejaa kampuni ndogo za dawa na teknolojia zinazotegemea habari moja kubwa.

Je, kuna sababu ya kuamini kwamba hisa iliyokwisha kupanda itaendelea kupanda? Ipo, na ina mipaka yake. Mwaka 1993 Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman walichapisha utafiti wa soko la Marekani kuanzia 1965 hadi 1989. Walipochukua hisa zilizofanya vizuri miezi sita iliyopita na kuzishikilia miezi sita, huku wakiuza zile zilizofanya vibaya, walipata ziada ya takriban asilimia 12 kwa mwaka. Waliona pia kwamba sehemu ya ziada hiyo hupotea katika miaka miwili inayofuata. Kwa hiyo nguvu ya bei ina umri wake: huishi miezi, na anayeinunua akiifanya urithi wa wajukuu amekosea dawa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa alama hawapendi kulisema. Jegadeesh mwenyewe alikwisha kuonyesha mwaka 1990 kwamba katika kipindi kifupi cha mwezi mmoja, hisa zilizopanda sana huelekea kurudi nyuma, na zilizoshuka sana huinuka kidogo. Ndiyo maana watafiti wengi wakipima nguvu ya bei huuruka mwezi wa mwisho. Alama ya SCTR haiuruki. Siku 20 za mwisho zina asilimia 15 nzima. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kasoro yake kubwa, na inatufundisha namna ya kuitumia: hisa iliyoruka kutoka alama 40 hadi 95 ndani ya wiki mbili iache ipumue kwanza. Inayonivutia mimi ni ile iliyokaa juu ya 75 kwa wiki nane au kumi bila makelele.

Sasa turudi kwenye darasa lililofeli. Mwaka 2008 kiashiria cha S&P 500 kilishuka kwa zaidi ya asilimia 38. Kati ya kampuni 30 za kiashiria cha Dow Jones, mbili tu zilimaliza mwaka huo zikiwa juu ya zilikoanzia, Walmart na McDonald's. Hata hivyo kila siku ya mwaka ule kulikuwa na hisa zenye alama 90 na zaidi, maana lazima ziwepo: darasa halikosi wa kwanza. Aliyenunua "wa kwanza" bila kuuliza hali ya darasa mara nyingi alinunua hisa iliyokuwa ikianguka polepole kuliko nyingine.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Tarehe 9 Machi 2009 soko lilifika chini kabisa, na siku zilizofuata zile zilizokuwa mkiani ndizo zilizofyatuka. Citigroup, iliyokuwa imeporomoka hadi kama dola moja mwanzoni mwa Machi, ilikuwa imefika karibu dola nne Mei. Aliyefuata alama alikuwa ameshika hisa za kujihami, zile zisizoyumba sana, akaachwa kituoni. Mbinu hii huumia zaidi soko linapogeuka ghafla kutoka msiba kwenda harusi, na hakuna mchujo unaoweza kuliondoa tatizo hilo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mchujo hufanyika kabla hujagusa hisa yoyote. Angalia kiashiria cha soko zima. Kama S&P 500 iko juu ya wastani wake wa siku 200, endelea; kama iko chini, funga daftari au punguza fedha unazoingiza. Kanuni hiyo rahisi ingekuweka nje ya soko karibu kipindi chote kuanzia Januari 2008 hadi mwisho wa Mei 2009. Ingekuepusha na msiba, na pia ingekufanya uchelewe harusi kwa miezi miwili na ushee. Ni gharama ninayokubali kuilipa.

Darasa likiwa katika hali nzuri, anza kuchuja. Chagua kundi moja tu. Kwa anayeanza, kampuni kubwa zinatosha. Weka masharti machache: alama iwe juu ya 75, bei iwe juu ya wastani wa siku 200 na wa siku 50, na hisa ziwe zinauzwa kwa wingi kila siku ili siku ya kutoka usikose mnunuzi. Kisha ongeza sharti ambalo wengi hulisahau: alama ya wiki nne zilizopita nayo iwe juu ya 70. Hilo peke yake huondoa hisa nyingi zilizoruka kwa habari ya juzi.

Wapo wanaopenda kuwahi, wakachuja zile zinazovuka 60 zikitoka chini. Si vibaya, ila hapo utashika nyingi zinazorudi chini, na utahitaji moyo wa kukubali hasara ndogo ndogo mara kwa mara. Anayeanza asianzie huko.

Nvidia ya mwaka 2023 ni somo zuri la mahali ambapo alama husaidia. Hisa hiyo ilipoteza nusu ya thamani yake mwaka 2022, ikafunga mwaka ikiwa dola 146. Mwishoni mwa Januari 2023 ilikuwa imefika dola 195 na kuupita wastani wake wa siku 200. Tarehe 24 Mei ilifunga dola 305. Jioni hiyo kampuni ikatangaza makadirio ya mauzo yaliyoshangaza watu, na kesho yake bei ikaruka asilimia 24 hadi dola 379. Dunia nzima iliisikia habari hiyo Mei, ilhali bei ilikuwa imekwisha kuongezeka zaidi ya mara mbili kabla ya habari. Mchujo wa kila wiki ungekuwa unakuonyesha jina hilo miezi kadhaa nyuma. Usingekwambia litafika wapi. Ungekwambia tu lifungue, lisome.

Ukifungua chati ya Nvidia leo utakuta bei hizo zimeandikwa 14.6, 19.5 na 37.9. Usidhani nimekosea. Juni 2024 kila hisa moja iligawanywa kuwa kumi, na chati zikarekebishwa hadi nyuma. Jambo hili ni muhimu kwa yeyote anayejitengenezea alama mwenyewe. Bei zako zisiporekebishwa, mgawanyo wa hisa utaonekana kama anguko la asilimia 90, na hisa bora darasani itajikuta mkiani kwa kosa la daftari.

Baada ya mchujo utabaki na majina labda 30. Hapa ndipo kazi ya mikono inapoanza. Anayepika anajua: ungo hupepeta makapi, lakini mawe huchaguliwa kwa vidole, punje kwa punje, mchele ukiwa umetandazwa kwenye sinia. Alama ni ungo, na yapo mawe yanayofanana sana na mchele.

Jiwe la kwanza ni kampuni inayonunuliwa. Januari 2022 Microsoft ilitangaza kuinunua Activision Blizzard kwa dola 95 kwa kila hisa. Bei ikaruka siku hiyohiyo kutoka dola 65 hadi 82. Hisa ya namna hii, soko likiwa linashuka kama lilivyoshuka mwaka ule, huonekana shujaa, kumbe imefungwa kamba: kwa juu haitazidi bei ya mnunuzi, na kwa chini mpango ukivunjika itaanguka. Dalili yake huonekana kwenye chati kwa macho tu, kwani mstari hupanda kama ukuta wa nyumba, kisha unalala kama dari.

Jiwe la pili ni tarehe ya matokeo. Kampuni za Marekani hutangaza hesabu zake kila baada ya miezi mitatu, na usiku mmoja unaweza kufuta kazi ya miezi sita. Angalia tarehe kabla hujanunua. Ikiwa ni wiki ijayo, subiri ipite. Ikiwa utanunua hata hivyo, nunua kidogo.

Jiwe la tatu ni undugu. Katika majina 30 unaweza kukuta 14 ni ya sekta moja, iwe mafuta, iwe vifaa vya kompyuta. Ukinunua matano kati ya hayo umenunua kitu kimoja mara tano. Chukua mawili yaliyo bora, ondoka hapo, nenda sekta nyingine.

Wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam watauliza kama njia hii inafaa kwao. Kwa hisa za Marekani, ndiyo, ilimradi una wakala anayekubalika kisheria, na ndugu walioko ughaibuni wanaweza kuzinunua walipo. Kwa masoko yetu, inafaa nusu. Soko la Nairobi lina kampuni zipatazo 60, kwa hiyo kila nafasi moja ni karibu alama mbili. Soko la Dar es Salaam lina pungufu ya 30. Kupanda nafasi moja tu ni zaidi ya alama tatu. Tena baadhi ya kampuni za Dar es Salaam, kama KCB na East African Breweries, zimeorodheshwa pia Nairobi, na huko ndiko bei zao hupangwa hasa. Ukisema hisa fulani ina alama 92 katika darasa la wanafunzi 28, umesema imekuwa ya pili au ya tatu, basi.

Tatizo zito zaidi ni hisa zisizouzwa. Hisa inaweza kukaa wiki tatu bila mtu kuigusa, kisha mmoja akanunua hisa 100 kwa bei ya juu, na hesabu yote ya alama ikacheza. Kenya Airways ilisimamishwa kuuzwa kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025. Kwa miaka hiyo yote bei yake haikusogea, na wastani wowote ambao ungeukokotoa usingekuwa na maana. Nami nimejionea hisa ya Nairobi iliyoongoza orodha yangu kwa mwezi mzima, na siku niliyotaka kuiuza, upande wa wanunuzi ulikuwa mtupu. Tangu hapo, safu ya kwanza katika daftari langu la Nairobi ni idadi ya siku ambazo hisa imeuzwa kati ya 20 zilizopita. Isiyofika 15 siiandiki kabisa.

Gharama nazo zihesabu. Kama ada na tozo zote zinakula asilimia 2 ukinunua na 2 ukiuza, basi kila mzunguko umekula asilimia 4 kabla hujaona faida. Anayebadilisha hisa kila mwezi kwa kufuata alama atamlisha wakala wake vizuri sana. Kwa soko letu badilisha kila robo mwaka, si zaidi.

Hata hivyo kuna sehemu ya mbinu hii inayofaa kwetu bila kupunguzwa, nayo ni kujua wakati wa kuachia. Safaricom iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5. Agosti 2021 ilikuwa imepita shilingi 40, na wengi wakaamini haiwezi kushuka. Mwaka 2022 haukuwa umekwenda mbali kabla bei haijawa chini kabisa ya wastani wa siku 200, na mwaka 2023 iliuzwa chini ya shilingi 15. Kampuni haikufilisika, wateja hawakuikimbia, na gawio liliendelea kulipwa. Bei tu ndiyo iliyobadili mwelekeo, na mstari mmoja kwenye chati uliyaonyesha hayo mapema kwa yeyote aliyekubali kutazama.

Kwa hiyo andika kanuni ya kutoka kabla hujanunua. Mimi huingia alama ikiwa juu ya 75 na kutoka ikishuka chini ya 50 kwa wiki mbili mfululizo, au bei ikifunga wiki chini ya wastani wa siku 200, lolote litakalotangulia. Nafasi kati ya 75 na 50 nimeiacha kwa makusudi, kwa sababu ukitoka kila alama inapopungua kidogo utakuwa unaingia na kutoka kama mlango wa duka. Na usiweke zaidi ya sehemu moja ya kumi ya akiba yako ya hisa kwenye jina moja, hata likiwa na alama 99.9. Ada ya shule na kodi ya nyumba zisikaribie huku.

Jumamosi hii chukua daftari, piga safu sita: jina, alama, bei, wastani wa siku 200, tarehe ya matokeo, na neno moja kuhusu ulichokiona kwenye chati. Andika hisa kumi tu zilizopita mchujo. Rudia kila Jumamosi kwa wiki 12, usinunue kitu. Mwisho wa wiki hizo fungua ukurasa wa kwanza na uhesabu ni ngapi kati ya zile kumi bado ziko juu ya 75. Fedha zako ziingie sokoni baada ya hesabu hiyo.